Tangi Lililojaa Utupu

Miezi saba Kapteni na shemeji yake walibishana juu ya kipimo cha mafuta. Jina la Kapteni alipewa na majirani. Yeye ni seremala mstaafu aliyesomea urubani uzeeni, na ndege aliiunda mwenyewe uani. Alitaka kipimo cha boya, linaloelea na kusukuma mshale. Shemeji, fundi redio, akasema boya ni la pikipiki; watu walioelimika hutumia kijiti cha umeme, kinachohisi mafuta bila kuchezacheza. Wakachagua elimu.

Kijiti kilitaka kufundishwa: unamimina lita moja moja, unakiwekea alama. Lakini mama watoto, mkewe Kapteni, alikataa petroli karibu na jiko lake la uani. Wakamimina maji. Shemeji akatamka kwamba kimiminika ni kimiminika.

Alhamisi akaja mkaguzi wa ndege. Bila saini yake ndege hairuki, na cheti cha afya kinachomruhusu Kapteni kurusha ndege kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Daktari alikwisha sema hatampa kingine. Ndege ikasukumwa hadi langoni, tangi likajazwa petroli pomoni. Mshale ukalala kwenye sifuri kama mgonjwa.

Shemeji akachungulia, akakohoa, akaeleza kwamba kipimo ni kizima, ila petroli ya siku hizi ni hafifu.

Mkaguzi akafungua kalamu. Akauliza kijiti walikifundisha kwa kitu gani.

Shemeji akatazama mawingu. Kapteni akaona aibu ikimpanda kifuani, na mwezi ukimwishia.

"Maji," alisema. "Tulitumia maji."

"Kwa kijiti hiki, maji na petroli ni mbingu na ardhi," mkaguzi akamjibu. "Usijali, mzee wangu. Mwaka huu wewe ni wa tatu. Wawili wa kwanza ni wahandisi. Wao walibisha hadi jioni, nikaenda zangu. Mimi nipo hapa mpaka saa kumi."

Mama watoto alizima jiko, akatangaza kwamba leo watu watakula viporo, akamkabidhi mumewe jagi la lita.

Wakalikausha tangi, wakaanza upya: lita, alama, lita, alama. Saa kumi kasorobo mshale ulisema nusu, na tangi kweli lilikuwa nusu. Mkaguzi akalijaza, akaukagua mshale tena, akatia saini.

Shemeji akaomba kalamu. Alitaka naye asaini pembeni, kama mshauri wa kitaalamu.

"Mpe," alisema mama watoto, "ila abiria wa kwanza awe yeye."

Shemeji akairudisha kalamu.