Saa Iliyofuata Mwenzake

Saa ya wodi ya wazazi ilirudishwa dukani kwetu mara ya pili siku ya Jumatatu. Mkunga Mkuu aliibeba mwenyewe, ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyegoma kunyonya.

"Saa yenu hii inachelewa," alisema akiiweka mezani. "Dakika nne kwa siku nane. Mimi naandika muda wa kuzaliwa watoto wa watu kwa kuangalia huu uso. Kwenye daftari langu wote wamezaliwa kabla ya wakati, na wote wametimiza miezi tisa!"

Uso uliniwaka moto. Saa ile niliitengeneza mimi. Nimefanya kazi pembeni ya Mama kwa miaka tisa, na hiyo ndiyo saa ya kwanza aliyoniachia tangu kuifungua hadi kuifunga. Katika duka letu fundi akishatengeneza saa, na saa ikakubali, hukwaruza jina lake kwa msumari ndani ya kijimlango chake. Ndani ya hii lilikuwepo jina la babu, chini yake la Mama, na chini ya la Mama palikuwa patupu. Mahali hapo nilikuwa nimepatamani kuliko ninavyoweza kusema.

"Mama, saa ni nzima," nilisema mgeni alipoondoka. "Huko kwao milango inabamizwa kutwa. Na huyo Mkunga naye ana miwani ya mwaka gani?"

"Pilipili," alisema Mama. Ndivyo anavyoniita, na wateja wote wamemuiga. "Itundike tena."

Nikaitundika pembeni ya Mzee. Mzee ni saa ya babu, nzito, haikosei hata sekunde, na kila saa inayotoka mikononi mwetu hukaa naye wiki nzima kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Zote huning'inia kwa kulabu chini ya ubao mmoja mpana, ambao juu yake tunaweka makopo ya grisi na vikombe vya chai. Yangu ilikwisha kukaa hapo mara mbili bila kumwacha Mzee wala kuachwa naye.

Na mara hii ikawa vilevile. Jumanne sawa, Jumatano sawa. Alhamisi asubuhi nilikuwa tayari kumfuata Mkunga wodini nikamwambie neno, ndipo Mama, aliyekuwa amekaa na chai yake akizitazama tu, akasema, "Hebu njoo hapa. Angalia pendulamu."

Niliangalia. Fito mbili za urefu mmoja, kila mmoja na kibati cha shaba mwishoni, zinabembea kama kawaida.

"Mzee akienda kulia, yako inakwenda kushoto," alisema. "Akirudi, nayo inarudi. Jana ilikuwa hivyo hivyo."

"Imetokea tu."

"Haiwezi kutokea tu siku mbili."

Aliinuka, akaisimamisha yangu kwa kidole, kisha akaiachia ili ziende upande mmoja pamoja. Halafu akaweka kikombe chake juu ya ubao. Chai ikaanza kutetemeka. Viduara vidogo vilitoka ukingoni vikakutana katikati, vikapita, vikarudi.

"Sasa tungoje," alisema.

Kungoja ndicho kitu nisichokiweza hapa duniani. Nilifuta meza mara mbili. Nilipanga bisibisi kwa ukubwa, nikazipanga tena kwa rangi. Baada ya kama nusu saa pendulamu yangu ilikuwa imeanza kubaki nyuma ya Mzee kidogo kidogo, hadi moja ikawa huku na nyingine kule. Hapo zikatulia na mwendo huo. Nikachungulia kikombe. Chai ilikuwa kimya kabisa.

Nikainama nikachungulia tena.

"Umeshawahi kumsukuma mtoto kwenye bembea," alisema Mama. "Humsukumi kwa nguvu. Unamgusa tu kwa wakati wake, na anakwenda. Basi kila pendulamu ikibembea inauvuta ubao, kidogo, hata jicho halioni. Ubao nao unaigusa nyingine. Zikienda pamoja zinautikisa zote mbili, ndiyo chai ilikuwa inahangaika. Zikipishana, mvuto wa hii unaufuta wa ile. Hapo ndipo zinapopatana. Na zikishapatana zinakwenda mwendo mmoja. Mzee ni mzito, kwa hiyo mwendo ni wake."

"Kwa hiyo yangu..."

"Yako inachelewa, mwanangu. Mkunga alisema kweli. Hapa inabebwa."

Ningepaswa kukasirika, lakini sikuweza. Mwanamke huyu hakukaa darasani hata mwaka wa nane, na kwa kikombe cha chai alikuwa ameona nilichoshindwa kukiona kwa wiki tatu. Nilimtazama nikajisikia fahari.

Yeye hakuwa na furaha hiyo. Alikuwa ameshika ubao kwa kiganja. "Saa nyingi zina pendulamu fupi, hazimwitikii Mzee," alisema polepole. "Lakini hizi ndefu, sijui nimezirudisha ngapi hivi. Nilifundishwa hivi, nami nikakufundisha hivi." Kisha akamtungua Mzee kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka chumba cha nyuma, kwenye ukuta wa mawe usiotikisika.

Yangu ikabaki peke yake. Kufikia kesho yake asubuhi, milio ya saa kamili ya redio ilionyesha imechelewa nusu dakika.

Dawa yake naijua. Kibati kiwe kizito au chepesi, mbembeo uwe mpana au mwembamba, hilo halina neno kubwa. Urefu ndio unaoamua. Nikashika nati iliyo chini ya kibati nikaikaza robo mzunguko, kibati kikapanda unywele mmoja. Nikamgeukia Mama.

"Inatosha?"

Alikifuta kikombe chake cha chai akakiweka kando.

"Kesho nakwenda kwa dada yangu," alisema. "Wiki nzima."

"Mama! Unaniacha na Mkunga?"

"Ukiwa pembeni yangu unakwenda sawasawa siku zote," alisema. "Sasa hicho nacho si kipimo."

Nilichukua kitambaa nikaifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Siku ya kwanza saa iliwahi sekunde tano. Niligeuka kuuliza, nikakuta kiti kitupu. Nikailegeza nati kwa upana wa ukucha, nikaogopa, nikaiacha. Siku ya pili iliwahi sekunde moja; nikailegeza tena kidogo mno, nikausawazisha mshale na redio. Siku ya tatu sikuigusa. Siku ya saba mlio wa mwisho wa redio na mshale wa saa vilifika pamoja, nami nikapiga kelele peke yangu dukani hadi fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia.

Mkunga Mkuu alifika saa nne.

"Mama yako ameikagua?"

"Hapana. Nimeikagua mimi."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Haya. Ifunge niende, nina mama yuko kwenye uchungu."

"Nipe dakika moja," nilisema. Nikafungua kijimlango, nikachukua msumari, nikaandika jina langu chini ya la Mama. Herufi ya mwisho ilipinda. Sikumwuliza mtu kama inatosha.