Aliyeupa Mpira Mgongo

Mama Chipsi hakuwa mtu wa mpira. Miaka yote aliyokaanga viazi mbele ya nyumba yake, mpira kwake ulikuwa kelele za upande wa pili wa barabara, kwenye duka la Kinyozi, ambako wanaume walisongamana mlangoni kutazama televisheni ndogo iliyotundikwa juu ya kioo. Kelele zikipanda, alijua kuna bao. Zikipanda kisha zikakatika ghafla, alijua bao limekataliwa. Yeye alichojali ni kwamba aliyeshinda hula sahani mbili, na aliyeshindwa, hata moja humshinda.

Jina la Mama hakulipata kwa kuzaa, alilipata kwa kukaanga. Aliolewa na kijana aliyecheza beki wa kushoto katika timu ya mtaa, ambaye watu walimwita Beki mpaka mama yake mzazi naye akazoea. Ndoa haijatimiza mwaka, Beki akapata kazi ya kulinda maghala katika nchi ya mbali. Mkataba wa miaka miwili. Miwili ikazaa mingine miwili. Fedha zilikuja kila mwezi na simu kila Jumapili asubuhi, na nyumbani wakabaki wanawake wawili, mke na mama mkwe, wakigawana jiko moja na mwanamume mmoja asiyekuwepo.

Kisha mashindano makubwa ya mpira ya dunia yakapangwa kuchezwa katika nchi hiyohiyo ya mbali. Jumapili moja Beki alipiga simu akiwa na furaha ambayo mkewe hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Kampuni yetu imepewa ulinzi wa uwanja. Nitakuwa ndani kabisa, nyuma ya goli!"

"Basi utaona mpira bure."

"Siuoni. Kazi yetu ni kuupa mpira mgongo na kuwatazama mashabiki wasivuke. Ukigeuka, unafukuzwa."

"Yaani uso wako utakuwa kwa watu na mgongo kwangu?"

"Ndiyo. Utaona kisogo tu."

Mama Chipsi akacheka. "Kisogo chako nakijua."

Simu ilipokatika hakucheka tena. Alikaa kitandani akijaribu kukikumbuka kisogo hicho, akagundua hakioni vizuri. Alikumbuka kovu dogo nyuma ya sikio, lakini sikio lipi? Hilo ndilo lililomsumbua wiki nzima.

Televisheni ya Kinyozi ilikuwa ndogo; watu ndani yake walionekana kama sisimizi. Mama Chipsi aliulizia bei ya kubwa, akarudi nyumbani akipiga hesabu. Siku ya pili alimwita fundi seremala, wakafungua skrubu za kitanda kikubwa cha harusi, kikapakiwa kwenye mkokoteni. Mama mkwe alitoka nje na kanga begani.

"Umeuza kitanda cha mwanangu?"

"Mama, kitanda nusu kimelala chenyewe miaka minne."

"Na akirudi?"

"Akirudi ndiyo shida ninayoiomba."

Bibi yule alitazama mkokoteni ukikata kona. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema mwishowe. "Haya. Hiyo televisheni ikija, iwekwe mahali na mimi nitaona."

Iliwekwa uani, juu ya meza, chini ya bati la kuzuia jua. Habari zilienea kabla hata haijawashwa. Mechi ya kwanza watu walijaa, wengine wakichungulia juu ya ukuta. Mama mkwe akaweka kigoda chake mlangoni na kutunga sheria: kila kipindi, sahani moja au njia nyeupe. Kijana mmoja alipolalamika kwamba macho hayana pazia, bibi alimjibu, "Macho hayana pazia, mjukuu wangu, lakini ua una mlango."

Kwa hiyo walikula. Walikula chipsi, mayai ya kuchemsha na vipande vya kuku wasivyovipangia. Mwalimu mmoja alikuwa na kipaji cha kunywa kikombe kimoja cha chai dakika tisini pamoja na nyongeza. Fundi wa kuchomelea mageti alificha karanga mfukoni, akizitafuna watu wakishangilia ili asisikike. Kinyozi, aliyekuwa amefunga duka lake kwa hasira ya kuibiwa wateja, alivumilia mechi mbili tu. Ya tatu alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya wote, na tangu hapo ndiye aliyekuwa na sauti kuliko mtangazaji. Kila jioni alikuwa na mkeka wake mkononi, ile karatasi ya kubashiri matokeo, na aliubusu kabla ya filimbi kama mtu anayeaga mtoto.

Mama Chipsi alitazama mechi zote akiwa amesimama nyuma ya karai. Lakini wenzake walifuata mpira, yeye alifuata pembeni. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, aligeuza viazi. Ukisogea golini, aliacha mwiko na kukaza macho kwa wale wanaume waliovaa vizibao vya kung'aa, waliosimama safu moja, migongo kwa mchezo. Aligundua kwamba kona ndizo zilizopeleka kamera karibu na walinzi, akazipenda kona. Alizishangilia bila kujali zimepigwa na nani.

"Mama Chipsi, hivi wewe uko timu gani?" Kinyozi alimuuliza.

"Timu ya kona."

Watu walicheka. Alicheka nao. Hakuwaambia anamtafuta nani, kwa sababu aliogopa wangeanza kumtafuta pamoja naye, na mtu mwingine angemwona kabla yake. Kisogo alikiona hapa na pale, kikapita. Kila usiku alilala kwenye godoro sakafuni akiwa na visogo vya wanaume wengi kichwani, asijue kipi ni chake.

Ikafika robo fainali, Jumamosi, jua bado kali. Karibu ua mzima ulikuwa upande wa timu ya jezi nyekundu, kwa mapenzi na kwa mikeka. Mpaka dakika za mwisho ilikuwa sare. Mpira ukatoka nje karibu na kibendera cha kona, wachezaji wekundu wakamzonga mwamuzi wa pembeni wakidai ni wao waliopaswa kurusha. Mpira nao ulibingirika mpaka kwenye mabango ya matangazo, ukagonga kiatu cha mlinzi.

Mlinzi aligeuka. Aliinama, akaushika, akamtupia haraka mchezaji wa jezi nyeupe. Mweupe akarusha, mwenzake akaupiga juu, wa tatu akaruka na kuupiga kichwa, na wekundu bado wanabishana mikono hewani. Bao.

Ua ulilipuka kwa maumivu. Mama Chipsi hakuliona bao. Alikuwa ameona uso.

Televisheni ikarudia kuanzia pale mpira ulipotoka, kisha ikarudia tena, polepole zaidi. Mlinzi anageuka, anainama, anaushika. Mwembamba. Ana miwani. Kwenye ndevu kuna weupe, upande mmoja zaidi ya mwingine. Na anapoushika mpira anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeamkiwa kwa jina lake la utotoni.

"Huyo mlinzi katumwa na nani?" Kinyozi alikuwa amesimama juu ya kiti, anachana mkeka wake vipande vipande. "Mjinga mkubwa! Mpira unamhusu nini? Angekuwa hapa ningemnyoa bila maji!"

"Ni mume wangu huyo," alisema Mama Chipsi.

Alisema taratibu, lakini waliokuwa karibu wakanyamaza, na wa nyuma yao wakanyamaza kuuliza kwa nini wenzao wamenyamaza. Mama mkwe aliacha mlango wake wazi, akapita katikati ya viti mpaka mbele ya televisheni. Bao lilikuwa likirudiwa kwa mara nyingine. Bibi aliweka kiganja juu ya kioo, mahali pale pale.

"Beki," alisema. "Amekonda. Wanamlisha nini huko?"

Kinyozi akashuka kitini, akakung'uta mikono. "Mama," alimwambia bibi kwa heshima, "wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya mwanao imetuua ua mzima."

Hapo ndipo vicheko vilipotoka, na fundi wa mageti akadai kwamba familia iwalipe fidia ya chipsi. Chipsi zenyewe zilikuwa zimeungua karaini, nyeusi kama mkaa. Wakazila hivyo hivyo.

Kesho yake simu iliita mapema kuliko kawaida.

"Umeniona?"

"Dunia nzima imekuona."

"Hata mkuu wangu amesema hivyo hivyo." Alijaribu kucheka. "Mlinzi haruhusiwi kugusa mpira. Wamenihamishia nje, getini, kwenye maegesho ya magari. Lakini ulikuja mguuni, mke wangu. Miaka yote hii sijagusa mpira. Mikono ilijiendea yenyewe."

"Na bao uliliona?"

"Wapi! Nilikuwa nimekwisha kugeuka. Niliona nyuso tu. Kulikuwa na mzee na binti yake, wakakumbatiana mpaka kofia ya mzee ikaanguka. Nikamwokotea."

"Mbona hukuniambia una miwani?"

"Ya kusomea tu hiyo."

"Ulikuwa unasoma nini uwanjani?"

Mama Chipsi alisikia magari mbali, yakipita katika barabara asizozijua.

"Nimezeeka," alisema Beki. "Sikutaka ujue kwa simu."

"Kama ni kuzeeka, njoo uzeekee hapa nikuone. Mimi pia nimezeeka. Umekosa vingi."

"Wametupa mkataba mwingine. Mwaka mmoja na nusu. Fedha ni nzuri, tungemalizia vyumba vya nyuma."

"Vyumba vya nyuma alale nani?" Sauti yake ilipanda, na mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mchele hatua chache tu kutoka hapo, akaacha kupepeta. "Mimi siwezi kuzaa na simu. Mimi sitaki kukutafuta tena kwenye televisheni kama kitu kilichopotea. Nimeuza kitanda ili nikuone kisogo!"

"Umeuza kitanda?"

"Ndiyo."

"Sasa nikija nitalala wapi?"

"Nilalapo mimi."

Hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema vocha inaisha, na labda kweli ilikuwa inaisha.

Nusu fainali na fainali zilijaza ua kupita kiasi. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuona nyumba ya mke wa mlinzi, na mama mkwe akapandisha masharti yake: sasa kila kipindi ni sahani na kinywaji. Mama Chipsi hakuwa na wa kumtafuta tena, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuzoea. Yalikwenda pembeni yenyewe. Aliwaona walinzi wengine, mmoja anajikuna shingo, mmoja anahamisha uzito mguu hadi mguu, mmoja mdogo kiasi cha kuwa shuleni. Akawaza kwamba kila kisogo pale kina mtu anayekijua, katika ua kama huu, mbele ya kioo kama hiki. Bao la ubingwa lilipofungwa machozi yalimtoka, na Kinyozi akafurahi, akatangaza kwamba hatimaye mwanamke huyu ameuelewa mpira.

Jumapili iliyofuata Beki alipiga, wakazungumza mambo ya afya na bei ya mafuta ya kupikia. Iliyofuata vilevile. Mkataba hakuutaja, na mkewe hakuuliza. Alikuwa amesema lake. Kurudia kungekuwa kuomba, na yeye alitaka mtu aliyekuja kwa miguu yake, si aliyevutwa. Lakini mchana, mikono ikiwa kwenye maganda ya viazi, alikuwa akisimama ghafla kusikiliza, kama aliyeitwa.

Kisha simu ikaita Jumatano.

Aliipokea mikono inavuja maji. "Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Beki. "Nimekata tiketi."

Mama mkwe alichukua ufagio akaanza kufagia uani, mahali alipokuwa amefagia asubuhi.

Siku ya kumpokea, bibi alikataa kwenda. Alisema kuna mtu lazima abaki na jiko. Mama Chipsi alikodi gari la jirani lenye mlango mmoja usiofunguka, akakaa kwenye ukumbi wa wanaowasili, amevaa gauni lililokuwa likimbana tumboni. Alikuwa amepanga maneno. Ndege ilichelewa, maneno yakachacha.

Beki alitoka akisukuma toroli yenye begi moja na boksi lililofungwa kwa kamba. Walisimama wakitazamana, wameshikana mikono, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Watu walikuwa wakikumbatiana pande zote.

"Umekula?" aliuliza Beki.

"Bado. Wewe?"

"Walitupa kitu kwenye ndege. Sijui kilikuwa nini."

Wakacheka, na kile kicheko kikawasogeza. Garini walikaa nyuma. Beki alianza kusimulia habari za safari, akakatiza, akauliza habari za mama, akajibiwa. Mama Chipsi alishangaa jinsi majibu yalivyokuja upesi. Kwenye simu kila neno lilichelewa kidogo, kana kwamba linavuka mto. Sasa sauti na midomo vilitoka pamoja, naye hakuwa amezoea, akawa anamkatiza bila kutaka. Alisikia harufu ya sabuni ngeni. Aliona mikono ya mumewe magotini, mikubwa kuliko alivyoikumbuka.

Kabla hawajafika nusu ya njia Beki alikuwa amesinzia. Kichwa kiliyumba, kikatafuta pa kutua, kikatua begani kwake. Kilikuwa kizito. Mama Chipsi akanyoosha mgongo, akatulia, akipumua taratibu ili bega lisitikisike.

Gari lilisimama mbele ya nyumba. Mlangoni mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama, na nyuma yake Kinyozi na majirani. Mama Chipsi akawanyooshea kiganja dirishani: ngojeni.

Dereva akageuka. "Dada, tumefika. Gari linakunywa mafuta hili."

"Liache linywe," alisema. "Nitalipa."