Kiasi cha Kiganja

Miezi miwili Igoki alikula kabichi kama sungura, na kilo zikashuka kweli. Nguvu nazo zikashuka. Jumanne moja magoti yalimwishia nguvu katikati ya michai, kapu likamwagika, na wenzake wakamkokota hadi barabarani. Yeye akishindwa, majani hayo yatachumwa na nani? Na Njue, mumewe, bingwa wa kukagua mawingu?

Muuguzi wa zahanati, Sista Ednah, alimkaripia bila kumficha.

"Mama, umemaliza misuli, si mafuta peke yake! Viazi na ugali punguza, sawa. Lakini protini usipunguze. Kila ukikula, nyama ama mayai kiasi ya kiganja chako, bila vidole. Ukikosa, kula maharagwe, sahani ijae. Ukiendelea hivi, utaanguka mpaka usiamke."

Rahisi kusema. Mayai ya boma lile yalikwenda soko la Kianjokoma, na kuku akichinjwa, mapaja na kidari vilikuwa vya wanaume. Igoki alifunzwa hivyo siku ya kwanza ya ndoa. Miaka kumi na minane alikula miguu ya kuku jikoni, akashukuru. Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakuolewa katika boma lile.

Jumapili alichinja jogoo. Alipomaliza kupika, aliingia sebuleni na sufuria, akaketi mezani na Njue na mama mkwe wake. Akachukua paja, akalilaza juu ya kiganja, akalipima, kisha akalitia katika sahani yake.

"Mama Muchangi, ni nini hii?" Njue alimuuliza mkewe. "Hiyo ni yangu."

"Ilikuwa yako. Hii miguu iliyoniangusha kwa chai nayo ni yangu."

Mama mkwe alipiga meza. "Katika hii boma hakuna mwanamke amewahi kula hiyo! Mzee wako atakula nini?"

"Mama, mzee akitaka paja, achume chai. Mimi nikianguka tena, hata huyo jogoo hamtamwona."

Akauma. Alitafuna taratibu, macho makavu, huku Njue akisukuma kiti na kutoka nje kwenda kumlalamikia jirani.

Mama mkwe alibaki, akiikazia macho sufuria. Alikuwa amefuga kuku tangu utotoni, na sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja.

"Igoki," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "hiyo nyama inakaa aje mdomoni?"