Hodi ya Barafu

Fundi alipiga magoti mbele ya friji, akachungulia ule mdomo wa mlangoni unaotoa barafu, akaguna. Mdomo mzima ulikuwa umejaa barafu nyeupe laini kama unga.

"Mama, friji lako limeota ndevu."

Mjane hakucheka, ingawa utani wenyewe haukuwa mbaya. Alisimama kando ya meza, macho hayabanduki kwenye bisibisi mkononi mwa fundi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi binti yake angekuja na gari kulichukua friji likatupwe. "Mama, maziwa yanachacha, nyama inanuka, mlango haushiki. Nitakununulia jingine," alimwambia kwenye simu. Alisema kwa upendo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia. Mjane akaomba siku mbili tu, amwite fundi. Lililomkaa rohoni hakulisema.

Lilikuwa ndani ya ndoo ya barafu, mle mle frijini.

Wiki yake ya mwisho, mumewe hakumeza kitu ila vipande vya barafu. Mjane alikuwa akibonyeza pale mlangoni mwa friji, kipande kikidondoka kikombeni, akimwekea ulimini. Na kila mashine ilipomwaga barafu mpya ndani ya ndoo, ko ko ko, mgonjwa alifumbua jicho moja: "Hodi hiyo, mke wangu. Mkaribishe mgeni." Ulikuwa utani wake tangu friji lilipoingia nyumbani. Maradhi yalimnyang'anya kila kitu, yakamwachia huo.

Siku waliyotoka kumzika, mjane alizunguka nyuma ya friji, akafunga bomba la maji, barafu mpya isije ikachanganyika na ile. Nusu ndoo ilibaki. Tangu hapo ni miezi minane.

"Barafu unatoa mara ngapi kwa siku?" fundi aliuliza.

"Sitoi."

"Hata akija mgeni?"

"Mgeni gani, baba?"

Fundi alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakikandika mdomoni mwa friji kama anayekanda jipu. Barafu ikaanza kulegea. Akaingiza vidole viwili, akavuta kitu kilichokauka kama ngozi.

"Na huyu tena ni nani?"

Ilikuwa leso ya mfukoni, ya bluu, yenye mistari.

"Ya marehemu," mjane alisema. "Niliziba hapo, baridi isitoke."

"Lo! Mama yangu." Fundi alimwonyesha kifuniko kidogo kilichojificha ndani ya mdomo ule. "Kazi ya huyu ni kufunga, basi. Leso imemzuia, ameacha upenyo mwembamba kama ukucha. Mvuke wa jikoni unapita hapo usiku na mchana, ukikutana na baridi unaganda. Umeweka mlinzi, na mlinzi ndiye kawafungulia wezi."

Akashika ndoo ya barafu kuitoa. "Hii nayo imwagwe."

"Hiyo usiiguse!"

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Ilikuwa muda mrefu hajapaza sauti ndani ya nyumba ile. Akashusha pumzi. "Hiyo ni barafu yake. Nimemwekea. Akiba haiozi, fundi."

"Ya barafu inaoza, mama. Njoo uone."

Alisogea. Kila siku alikuwa akimwomba Mungu amtunzie, lakini kufungua na kutazama hakuwahi kuthubutu. Vile vipande vinono alivyovijua vilikuwa vimekonda kama mbegu za tikiti, vimeshikana kwenye kona moja. Hazikutimia hata konzi mbili.

"Nani kachukua?"

"Hakuna. Barafu hata ikikaa baridini hujiondokea yenyewe, kidogo kidogo. Haiagi."

Mjane akanyoosha mikono. "Nipe. Nitaimwaga mimi."

Hakuimwaga kwenye sinki. Aliitia kwenye beseni, akaweka leso juu yake.

Fundi alifungua bomba, akabana kipande cha karatasi kwenye kifuniko, akakivuta: hakitoki. "Kimepona. Barafu itakayotoka kwanza uimwage, ina uchafu wa bomba. Halafu uwe unatoa hata kikombe kimoja kila siku. Isipotumika inashikana."

"Kaa basi unywe chai."

"Nashukuru, mama. Kuna friji lingine linanililia huko."

Fundi alipoondoka, mjane akampigia binti yake. "Usije na gari, mwanangu. Limepona."

"Alhamdu... ah, mama, umeniokoa! Basi Jumamosi sina haja ya kuja. Tutaonana mwisho wa mwezi, eh?"

"Haya, mwanangu. Mwisho wa mwezi."

Alikata simu, akaiweka kifudifudi mezani.

Mchana barafu ilikwisha kuyeyuka. Akafua leso kwa maji yale yale, bila sabuni, akaianika dirishani. Kazi haikuchukua hata dakika tano, ingawa hakuwa na haraka.

Jioni, alipokuwa amemaliza sala na bado amekaa chini, sauti ikasikika ndani ya friji: ko ko ko.

Akainua kichwa. Akangoja yale maneno yanayofuata. Friji lilinguruma kidogo, likatulia.

"Karibu," akasema.

Kisha akainuka, akaimwaga barafu ile kama alivyoagizwa, akavuta kiti, akaketi kungoja nyingine.