Robo Mzunguko

Gitaa la besi ukilipiga peke yako chumbani, majirani hawasemi unapiga muziki. Wanasema unagonga. Kalisti aliambiwa hivyo na mpangaji wa chumba cha pili pale Kahama, mwaka ule aliohama kutoka Rwamgasa. "Mzee, tangu saa kumi unagonga tu. Wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" Kalisti akacheka naye, maana hakuwa mtu wa kununa mbele za watu. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akanuna wiki nzima.

Kilichomuuma ni kwamba mpangaji yule alisema kweli. Besi inataka ngoma ya kuifuata na mwimbaji wa kumbeba, na Kalisti hakuwa na ngoma wala mwimbaji. Bendi yake ilikuwa imekwisha. Ilikuwa ikipiga kwenye baa moja Rwamgasa, enzi zile mchimbaji akipata dhahabu anataka jina lake litajwe kwenye wimbo, na yuko tayari kutoa noti ili litajwe tena. Ikasikika rashi, yaani dhahabu imelipuka mahali pengine, mpiga ngoma akaenda. Ikasikika nyingine, mpiga solo naye akaenda. Mwimbaji hakwenda popote, ila aliokoka, na kwa bendi ya baa hilo ni baya zaidi. Mwenye baa akanunua spika mbili kubwa, akaajiri kijana mwenye kompyuta. Kalisti akabaki na besi yake kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi na mwenzake aliyesema anakwenda chooni mara moja.

Alikuwa anakaribia miaka sitini. Wanawake aliwahi kuwa nao, mke hakuwahi. Akapata kazi ya kushona magunia kwenye mashine ya mpunga, na gitaa akaliuza kwa kwaya ya kanisa moja dogo huko Ushetu, kwenye kijiji cha wakulima wa tumbaku. Akajiambia hataki kuliona tena maishani mwake.

Haikupita hata miezi mitatu, simu ikaita. Alikuwa Athanas, mwalimu wa kwaya.

"Mzee Kalisti, gitaa lako limeharibika."

"Langu? Si nimewauzia? Mmelifanya nini?"

Jumapili akapanda basi, akamalizia na pikipiki, njia nzima anasonya. Alipofika akaelezwa. Waliogopa mchwa wasije wakalila, kwa hiyo wakalitundika ndani ya bani, kile kijumba cha kukaushia tumbaku kwa moto. Pale ni pakavu, walisema, na mchwa hathubutu kuingia. Mchwa kweli hakuingia. Joto ndilo lililoingia, likaipinda shingo ya gitaa mpaka nyuzi zikasimama juu huko, ukitaka kuzibonyeza unaita msaada.

"Hili ni jani la tumbaku?" Kalisti alifoka. "Mnalikausha mkaliuze mnadani?"

Wanakwaya wakainamisha vichwa. Mpiga besi wao, mama mmoja anayeitwa Mama Mageni, ndiye pekee aliyethubutu kujibu. "Baba, hatukujua. Tufundishe, tusirudie tena."

Neno hilo likampunguza hasira. Akalichukua gitaa hadi nyumbani kwa huyo mama, jirani na kanisa, akaketi uani na kuanza somo. Akambonyezesha uzi kwenye freti ya kwanza, yaani kile kichuma cha kwanza kinachokatiza shingo, kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha akamwambia atazame katikati. Pale kati ya uzi na freti inatakiwa ipite kadi ya vocha, ipite kwa kusugua kidogo, isipwaye. Ikipwaya, shingo imepinda. Ndani ya shingo mna chuma kirefu, na mwisho wa chuma mna skrubu yenye tundu la pembe sita. Kalisti akatoa mfukoni kifunguo chake kidogo kilichokunjwa kama herufi L.

"Ukikaza, shingo inanyooka. Ukilegeza, nyuzi zinaivuta, inapinda. Robo mzunguko tu, mwanangu, halafu unaliacha. Mbao haitii siku hiyo hiyo. Leo unaiambia, itakusikia keshokutwa. Mwenye haraka anavunja chuma, na chuma kikivunjika humo ndani, hiyo shingo ni kuni."

Akakaza robo, kisha nyuzi akazivua, akazichemsha kwenye sufuria ya Mama Mageni, ile ya maharage, ili zitoe jasho na mafuta ya vidole. Zikakauka juani, akazirudisha, sauti ikafunguka. Kisha akamtazama mama huyo akipiga, akashindwa kunyamaza.

"Usibonyeze kama unaua chawa! Weka kidole nyuma ya freti, karibu kabisa, hapo nguvu kidogo inatosha. Na mkono wa kulia tumia vidole viwili kwa zamu. Sikiliza mguu wa mpiga ngoma, uende naye. Panapotaka kimya, nyamaza. Hakuna anayekulipa kwa wingi wa noti."

Alipomaliza, chakula kilikuwa tayari. Ugali, mlenda, kuku wa kienyeji, na baadaye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Baba Mageni, mtu mpole wa maneno machache, alimuuliza habari za Rwamgasa na akasikiliza majibu mpaka mwisho. Binti yao Mageni akaegemea goti la mgeni bila kuombwa. Kwa miaka mingi Kalisti alikuwa akila amesimama kibandani, au akila kitandani akitazama ukuta. Alikula polepole siku ile. Aliona kabisa kwamba anachelewesha tonge, na hakujali.

Kabla ya kuondoka akaomba alitazame gitaa mara ya mwisho. Akachomeka kifunguo, akalegeza robo mzunguko.

Mara ile ya kwanza mkono wake ulifanya bila yeye kupanga. Mimi namwamini. Mara ya pili na ya tatu simwamini hata kidogo. Alijua vizuri kwamba siku hiyo gitaa lingelia safi, wangelisifia, na kufikia katikati ya wiki shingo ingekuwa imeanza kuitika na nyuzi kupanda. Baada ya muda Athanas angepiga simu. Na kweli alipiga. Kila baada ya wiki kadhaa simu iliita, wakamtumia nauli, na Kalisti akaoga, akavaa shati lake la kola, akaenda Ushetu kutibu ugonjwa aliouacha mwenyewe.

Malipo ya kazi hakupokea hata siku moja. Wanakwaya wakamsifu kwa moyo wake. Yeye akajibu, "Aah, nyie ni watoto wangu," kisha akatazama pembeni.

Pasaka ilipokaribia, Mama Mageni alimpigia mwenyewe. "Baba, karibu Pasaka kwetu."

"Gitaa lina nini?"

"Halina kitu. Karibu tu."

Kalisti akakohoa. Akasema siku hiyo kwenye mashine ya mpunga wana kazi nyingi. Mashine ya mpunga ilikuwa imefungwa siku hiyo, kama kila Pasaka. Alishinda kutwa chumbani, akala mkate na chai ya rangi, akajionea huruma na hasira kwa pamoja. Mtu aende kwa watu mikono mitupu, aseme nini? Fundi ana sababu ya kupiga hodi. Mzee asiye na mtu, akipiga hodi, watu wanaanza kujiuliza anataka nini.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka mwezi wa kumi, kwaya ilipokuwa ikijiandaa kwa tamasha la uimbaji mjini Kahama. Simu ikaita, Kalisti akaenda na kifunguo chake. Alipofika hakupelekwa uani kwa Mama Mageni kama kawaida. Aliingizwa kanisani, kwaya yote imekaa kwenye mabenchi, na mbele kuna kinanda kipya cha umeme, bado kina nailoni.

Athanas akasimama. "Mzee wetu, leo hatukukuita kutengeneza. Gitaa hili linaumwa kila mwezi. Tumechoka, na wewe tumekuchosha. Kinanda hiki kina besi yake humo humo, na haiumwi. Tumeamua tuliuze gitaa. Wewe unawafahamu wanamuziki, tusaidie kupata mteja."

Kalisti akamtazama Mama Mageni. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anasugua ncha za vidole vyake, zile sehemu zilizokuwa zimeota sugu. Mwaka mzima aliota sugu hiyo kwa kufanya mazoezi baada ya shamba, na sasa anaambiwa haina kazi. Kalisti angeweza kunyamaza. Wangeuza, wangeagana naye vizuri, wangemwita mzee wetu mpaka leo. Lakini gitaa lingekwenda na jina la ubovu ambao si wake, na mama huyu angekalishwa kando na kinanda kwa ajili ya njaa ya mtu mwingine.

"Gitaa si bovu," alisema.

"Mzee, tumeliona wenyewe."

"Si bovu. Mimi nililiharibu. Kila nikimaliza kutengeneza, nalegeza tena, robo mzunguko. Ndiyo maana linarudi pale pale."

Upande wa sauti ya tatu mtu akaguna. Athanas akaweka mikono kiunoni. "Nauli zote zile tulizokutumia! Ulikuwa unataka nini kwetu, mzee?"

Jibu lilikuwa fupi, na Kalisti alilijua. "Sijui," alisema.

Hapo Mama Mageni akasimama. "Mwalimu, mimi nilikuwa najua."

Kanisa lote likamgeukia. Akaeleza kwa sauti ndogo, huku anatazama sakafu. Kifunguo kama kile alikinunua zamani kwenye duka la spea za pikipiki. Kila Kalisti akiondoka, anasubiri nyuzi zipande, kisha anakaza mwenyewe jinsi alivyofundishwa, na gitaa linakaa sawa kabisa. Akiona siku zimekuwa nyingi mzee hajaonekana, analegeza, anamwambia mwalimu gitaa linaumwa.

"Nilimkaribisha Pasaka," alisema. "Akaniuliza gitaa lina nini. Nikasema halina kitu. Hakuja."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka. Kalisti alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu, halafu wakamfunika kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomchoma zaidi. Muda wote alidhani anawachezea wao, kumbe mama huyu alikuwa akimlea. Akachukua mfuko wake, akatoka. Mama Mageni alimfuata hadi mlangoni akimwita, "Baba! Baba, chakula kipo!" Hakugeuka.

Kahama simu ikanyamaza. Kalisti alikuwa akiitazama hata akiwa na sindano ya magunia mkononi, mpaka wenzake wakamtania kwamba mzee kapata mchumba. Aliichaji ikiwa imejaa. Hakujua kama gitaa limeuzwa, na hakuwa na uso wa kuuliza. Siku ya tamasha ilifika, uwanja haukuwa mbali na anapoishi, nyimbo zikamfikia hadi dirishani zikiwa zimechanganyika, na hakuweza kutofautisha besi ya nani ni ipi. Hakwenda. Alilala kifudifudi na mto kichwani, mtu mzima, akalia. Alimlilia nani hata yeye hakujua vizuri, maana aliowakosa walikuwa wengi, na nusu yao hawakuwahi hata kuwepo.

Jumapili nyingine ikapita, na nyingine. Siku moja mpangaji wa chumba cha pili, ambaye Kalisti alimwambia huwa anakwenda kuona watoto, alimuuliza, "Mzee, zile safari zako za kwa watoto zimeishia wapi?" Kalisti akajibu, "Zipo." Baada ya kujibu hivyo akaona hawezi tena kubaki ndani. Jumapili iliyofuata akapiga moyo konde, akaoga, akavaa shati la kola, akalipa nauli yake mwenyewe. Mfukoni hakuwa na kifunguo.

Alifika ibada imekwisha. Uani kwa Mama Mageni alikuta bibi kizee asiyemfahamu, ameketi kwenye mkeka na ungo wa karanga mapajani. Alikuwa mama yake Baba Mageni, amekuja kutoka Shinyanga kukaa na wajukuu. Ndani ya nyumba besi ilikuwa ikilia. Haikuuzwa. Kalisti alisimama akaisikiliza kwa sikio la fundi, akitafuta kosa, uzi unaopiga kelele, noti iliyoteleza, chochote. Hakuna. Gitaa lilikuwa limekaa sawa, na mpigaji alinyamaza panapotaka kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwadila," bibi akaongeza salamu ya Kisukuma, "karibu. Wewe ndiye yule fundi wanayemsema? Kuna kilichoharibika?"

"Hapana, mama. Hakuna kilichoharibika."

"Sasa umefuata nini, baba?"

Angeweza kusema anapita tu. Angeweza kusema ameleta salamu za mtu.

"Nimekuja kula," alisema.

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kola. Akasogea upande mmoja wa mkeka, akausukuma ungo katikati.

"Bado hakijaiva," alisema. "Kaa hapo umenye karanga."