Miji Niliyoitoa Langoni

Usingizi unanikuta mchana kweupe, ungo uko mapajani, makande yanatokota jikoni kando yangu, na mjukuu wangu Nakunda amekaa mkekani mbele yangu anakata herufi kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Shuleni kwao kuna mashindano. Wanapewa herufi, watafute neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote ndani yake, zikae mwanzo, zikae mwisho, mradi zimo. Zimemshinda G na H na T, basi amenimwagia kwenye ungo ananiambia, bibi, hebu zipete hizo, labda neno litabaki. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kupeta najua, basi napeta, ungo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na ile sauti ya karatasi inakuwa sauti ya mvua, na nikiinua macho nimesimama barabarani.

Barabara ni nyeupe kama unga, inakwenda na kujirudia, inaingia mji ambao nyumba za upande huu zinatazama nyumba za upande ule na ni zilezile, hata ufa wa ukuta ni uleule, hata shuka iliyoanikwa. Mwisho wa mji kuna lango, na langoni amesimama mtu aliyejitanda kanga kama jirani yangu yeyote, ila pale pa uso pamelainika kama yai. Habari za hapa, namwambia, maana adabu ni adabu. Ananijibu, aliyekuja ndiye anayeondoka, asiyekuja haondoki. Haya, nasema, mimi nimekuja, niondoe, nina chungu jikoni na mtoto nyumbani. Ananionyesha herufi juu ya lango, K na L na M, anataka neno la Kiingereza lenye zote. Kiingereza changu ni cha kwenye pakiti. Milk, namwambia, kama lilivyo kwenye pakiti ya maziwa. Lango linafunguka, napita, na niko katika mji uleule, ila shuka iliyokuwa kulia sasa iko kushoto. Natembea, nafika lango, herufi ni A na R na W, nasema water, kama walivyoandika kwenye tangi la zahanati, napita, na shuka imerudi kulia. Namuuliza yule mtu, maana ni yeye tena au ndugu yake, mbona nikipata neno nafika palepale? Anasema, aliyeshiba na mwenye njaa wanalalia mkeka mmoja. Hilo si jibu, namwambia. Anasema, na lile halikuwa swali.

Lango linalofuata lina C na N na Y, na mimi pakiti zimeniishia. Umeshindwa, bibi, ananiambia, nipe mji. Hapo nacheka, kumbe hata huku mchezo ni ule wa nyumbani, ukishindwa kitendawili unampa mwenzako mji, naye anajigamba nao kwa maneno kisha anakupa jibu. Tangu utoto nimetoa miji, na hakuna uliowahi kuondoka mahali pake. Chukua Korogwe, namwambia kwa ukarimu. Anaupokea kwa mikono miwili. Jibu hanipi. Napita, na ninapotaka kuikumbuka Korogwe, soko lake, kitanda nilichojifungulia mwanangu wa kwanza, naona weupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Nashtuka, lakini ulimi una mazoea yake, na langoni tena, nikishindwa tena, umeshasema chukua Mombo kabla sijauzuia, Mombo ambako binti yangu, mama yake Nakunda, anauza vitunguu. Nirudishie, namwomba, hapo kuna mtu wangu. Anasema, kilichotolewa kwa mdomo hakirudi kwa machozi. Basi naketi chini katikati ya barabara, siendi popote, tuone. Lango halinisubiri, linanijia lenyewe, na juu yake ziko G na H na T, zilezile za kwenye ungo.

Nipe mji, anasema. Sina, namwambia. Unao, anasema, nausikia unanukia. Na kweli, kwa mbali, nasikia harufu ya makande yanayoanza kuungua, ndiyo Mshewa hiyo, kijiji chetu, Nakunda yuko humo na mkasi wake, na nikiutoa huo sina pa kuamkia. Nauma ulimi. Kisha nasema, mchezo gani huu anatega mtu mmoja? Na mimi nina zamu. Kitendawili. Mchezo unamfunga hata yeye. Tega, anasema. Ni changu, wanaokiona ni wenzangu, na nikinuna kinasema kabla yangu. Jina, anasema. Jina halinuni, namwambia. Kisogo. Nacho hakinuni. Mkono wake unapanda taratibu, unapapasa pale pa uso palipolainika, unatafuta, unashuka. Umeshindwa, mwanangu, nipe mji. Nangoja aseme Mombo, naomba moyoni aseme Mombo, lakini anayetoa ndiye anayechagua. Chukua Mshewa, anasema. Mshewa upi, namuuliza, maana humu kila mji una mwenzake. Ule utakaouamkia, anasema.

Ungo uko mapajani. Makande yameshika chini kidogo, na chungu kiko mkono wa kushoto, nami najua siku zote nakaa kikiwa kulia, upande wa kukorogea. Nakunda ameinamia karatasi zake. Bibi, anasema, nimelipata, ni light, na wewe umekoroma mpaka kuku wamehama. Nacheka, ulimi huo ni wake, hakuna mwingine. Namuuliza, mama yako alisema anarudi lini kutoka Mombo? Mkasi unasimama. Mombo ni wapi, bibi? Huenda ananitania, mtoto huyu na utani ni pacha. Nakoroga makande kwa mkono wa kushoto, nayo yanatii. Kitendawili, namwambia polepole. Tega, anajibu Nakunda, na bado hajainua kichwa.