Mbuzi wa Akolong Katika Hoteli ya Chemchemi

Saa kumi kasoro dakika tano za alasiri, wahudumu wa Hoteli ya Chemchemi huvirudisha nyuma viti vya kando ya bwawa, hufunika bakuli za sukari kwa vitambaa, na kuacha njia. Kisha mbuzi huja. Ni arobaini na watatu, wote walikufa mwaka wa 1971, na huingia kupitia ukuta wa chumba cha dobi, si kwa mlango bali kwa ukuta wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Hunywa kwa dakika ishirini. Maji ya bwawa hushuka shubiri moja. Wageni wenye viatu vya bei huinua miguu ili kwato zisiwakanyage, huku wakiendelea na chai yao.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa pili. Abdighani, meneja wa hoteli na mwana wa mwenye hoteli, aliamuru lango lifungwe, na likafungwa. Kesho yake aliamuru tundu la ukutani litafutwe. Fundi akapapasa matofali kutwa nzima, akasema ukuta ni mzima. Siku ya tatu bibi harusi kutoka Meru alipiga picha katikati ya kundi, picha zikasambaa, na kufikia Jumapili hapakuwa na chumba kilichobaki. Mtunza bwawa alipunguza dawa ya maji kwa sababu mbuzi walikuwa wakipiga chafya. Zaidi ya hapo kazi iliendelea.

Ni hoteli yenye jina. Mzee Hashi, mwana wa askari aliyepigana vita vya Wazungu kisha akaambiwa aishi Isiolo, aliifungua mwaka wa 1951. Mabwana wa kikoloni walicheza dansi hapo na wake zao wenye glavu nyeupe; baada ya uhuru wakaja mawaziri, wakaomba vyumba vilevile. Mwigizaji mmoja wa filamu kutoka Uingereza alikaa miezi miwili, akasahau kofia ambayo hadi leo imo ndani ya kabati la kioo. Kuna ndoa za wakubwa zilizopangwa kwenye veranda ile kabla wenye kuoana hawajaambiwa. Siku hizi wenye nazo hushuka uwanja wa ndege saa sita, na kufikia saa saba wanalalamika kwamba juisi haina barafu. Ukoo wa Hashi huwapokea wote kwa adabu, na adabu hiyo si ya uongo.

Mwaka huu, kwa ajili ya sherehe za hoteli, Abdighani alimwita mwandishi kutoka Nairobi aandike kitabu cha historia ya hoteli. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mahali hapa palikuwa nyika tupu, hapana mtu wala mnyama, mpaka Mzee Hashi alipochimba kwa singe ya bunduki ya baba yake, maji yakatoka." Makasha ya vitabu yaliteremshwa Jumatatu. Mbuzi walikuja Jumanne. Aliyeyaunganisha mambo hayo mawili ni Teresia wa dobi peke yake, naye alikuwa na mashuka ya kupiga pasi.

Teresia, binti wa Akolong, alikuwa amefua mashuka ya hoteli ile kwa miaka thelathini na minne. Aliishi nyuma ya dobi, katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili, kwenye kipande cha ardhi ambacho Mzee Hashi alimpa baba yake kwa maneno mawili tu, kaeni hapo. Karatasi haikuandikwa. Mwezi wa kwanza Abdighani alimletea barua: kipande hicho kinahitajika kwa vyumba kumi na viwili vya wageni wa heshima, tafadhali ahame kufikia mwisho wa mwezi wa tatu. Ilikuwa barua ya adabu sana. Teresia aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo usingizi ukawa wa kubahatisha. Hakuwa na mahali pengine duniani, na hakutaka mahali pengine.

Jumanne ile mbuzi walipopita katikati ya mashuka yaliyoanikwa, alimshika mmoja sikio. Lilikuwa la baridi kama nguo iliyotoka kusuuzwa. Sikio la kushoto lilikatwa ncha. La kulia lilikuwa na mapengo mawili chini. Hiyo ilikuwa alama ya Akolong. Kwa Waturkana, kila boma lina mkato wake wa sikio, na mkato ukishajulikana ni wa nani, ubishi umekwisha. Teresia alimwachia mbuzi aende akanywe. Alisimama pale na kikapu cha vibanio mkononi, akalia, kisha akamalizia mashuka kumi na mawili yaliyobaki kwa sababu chumba cha saba kilikuwa kinayasubiri.

Alikuwa na miaka minane walipokufa. Chemchemi ilikuwa ya Akolong na baba zake kabla yake, na Hashi alianza kwa kuomba debe moja la maji ya chai kila asubuhi. Akapewa. Baada ya debe likaja pipa, baada ya pipa likaja bomba, na baada ya bomba, mwaka ule wa kiangazi, ikaja seng'enge. Akolong aliambiwa asubiri kidogo, kuna karatasi inamaliziwa. Mbuzi hawakuweza kusubiri. Walisimama kwenye seng'enge siku tisa wakiyatazama maji, na walianguka mmoja mmoja vichwa vikiwa upande wa maji. Baadaye Akolong aliajiriwa kuwa askari wa lango lilelile, na akafa akiwa kazini, ndani ya koti la hoteli.

Teresia alikwenda kwa Abdighani akamwambia hatahama. Hakupandisha sauti. Abdighani naye hakupandisha. Walikubaliana kesi iende kwa wasuluhishi watatu ambao pande zote mbili ziliwakubali: Kubai, mwalimu mstaafu, awe mwenyekiti, Makena, wakili, na Ibrae, mchuuzi wa mifugo kutoka Kulamawe anayewajua mbuzi kuliko anavyowajua watoto wake. Watakachoamua kitashika. Teresia alitia sahihi bila wasiwasi. Mbuzi wangekuja wenyewe kutoa ushahidi, na mahali ambapo mifugo yako hunywa bila kufukuzwa, hapo ni kwako. Kwake jambo hilo halikuhitaji wakili.

Kikao kiliwekwa Alhamisi, kando ya bwawa, saa tisa na nusu. Abdighani alimwomba mama yake apumzike chumbani, jua ni kali. Mama huyo ni Safiyo, binti wa Mzee Hashi, mwenye hoteli, mwenye miaka sabini na minane na goti bovu. Alimsikiliza mwanawe hadi mwisho, akachukua mkongojo wake, akashuka. Aliketi mbali kidogo na wengine na hakumtazama mtu. Abdighani alimletea maji mwenyewe. Alimwaga kidogo mezani, akapangusa.

Abdighani ndiye aliyeanza. Alionyesha hati ya ardhi ya mwaka wa 1971 na ramani yake, akawagawia kitabu cha historia, akasoma sentensi ya kwanza. Wakati anasoma, wahudumu walifunika sukari. Mbuzi waliingia, wakapita kati ya miguu ya wasuluhishi, wakainamisha vichwa majini.

"Hii mbuzi ni ya baba yangu," Teresia alisema. "Angalia masikio."

Ibrae aliinuka. Alipita kwa kila mbuzi, akapapasa masikio yote themanini na sita, na hilo lilichukua muda wake, kwa kuwa hakutaka kusema jambo asilolijua. Aliporudi alisema alama ni moja, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuuza dume mwenye mkato huo alipokuwa kijana, na kwamba ni wa Akolong. Kubai aliandika. Kisha aligeuza kiti kumwelekea Safiyo, akamuuliza kwa heshima kama yeye aliwajua mbuzi hawa.

Hilo ndilo swali ambalo Abdighani hakulala akiliogopa, na ambalo Teresia hakulala akilingoja. Safiyo aliuzungusha mkongojo kwenye vigae. Mbuzi mmoja mweupe aliacha maji, akaja, akamnusa magoti. Alimpapasa kichwani kwa namna ya mtu anayejua mahali panapowasha.

"Hooyo," Abdighani alisema polepole, kama mtoto anayemwita mama yake gizani. "Si lazima."

"Mimi nilikua kwa maziwa ya mbuzi ya alama hii," Safiyo alisema. "Mama yangu alikuwa mgonjwa, maziwa hana. Mama ya Akolong aliniletea kikombe kila asubuhi. Maji ilikuwa yao. Baba yangu alijua, na mimi nilijua. Singe haikuchimba kitu."

Hakuna aliyeshtuka. Mhudumu aliyekuwa akimimina chai aliendelea kumimina. Teresia alijawa na furaha, furaha hasa, ya aina aliyokuwa ameacha kuitazamia, akashika mgongo wa kiti. Alitaka kumwendea Safiyo na hakujua kama inafaa, kwa hiyo alisema tu, "Asante, Hajia," na Safiyo akaitikia kwa kichwa. Abdighani alikuwa ameinamia kitabu chake. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa mbele ya watu, na ukweli ni kwamba alistahili kuhurumiwa kidogo.

Ndipo Makena, wakili, akaomba kuuliza mambo machache ili kumbukumbu ziwe sawa. Alimuuliza Teresia kama anathibitisha kwamba mbuzi ni wake.

"Ni yangu. Baba alikufa, mimi ndio nimebaki."

"Wote?"

"Yote."

Makena alitaka kujua wanapitia wapi. Teresia alisema wanatoka kwake, nyuma ya nyumba, wanapita ukuta wa dobi. Makena alitaka kujua ni nani aliyewapa ruhusa ya kuingia. Teresia alimtazama akijaribu kuelewa. Lilikuwa swali la ajabu kuliko yote aliyowahi kuulizwa.

"Mbuzi haiombi ruhusa ya maji yao," alisema.

Kubai aliliandika hilo nalo, akalisoma kwa sauti ili ahakikishe hajakosea. Wasuluhishi walisogea kando, wakazungumza hadi mbuzi walipomaliza kunywa na kurudi ukutani. Ibrae alionekana akitikisa kichwa mara kadhaa, lakini walikuwa wawili kwa mmoja.

Uamuzi ulisomwa kwa upole. Wasuluhishi walimshukuru Hajia Safiyo kwa ukweli wake. Waliridhika kwamba maji yalikuwa ya Akolong, na walisikitika. Hata hivyo hati ilikuwa ya mwaka wa 1971, na hakuna aliyeipinga wakati Akolong yu hai. Lililokuwa mbele yao ni mifugo ya Teresia, aliyoikiri mwenyewe, inayoingia kila siku katika mali ya mtu bila ruhusa, kupitia kipande cha ardhi anachokikalia bila karatasi. Njia hiyo ifungwe. Kipande kirudi hotelini kufikia tarehe iliyo katika barua.

Abdighani alisimama akasema hatadai chochote kwa usumbufu. Zaidi ya hayo, wageni wamewapenda mbuzi, hivyo anampa Teresia kazi ya kuwachunga, kazi nyepesi kuliko dobi kwa mtu wa umri wake. Alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Safiyo alimwita mwanawe karibu na kumwambia jambo kwa Kisomali, tena na tena, huku akimshika shati. Abdighani alipiga magoti kando ya kiti chake ili amsikie vizuri.

"Hooyo, umesema ukweli na hakuna mtu amekukatiza," alimjibu, na akamsaidia kupanda ngazi.

Kitabu kilichapishwa upya kabla ya sherehe. Singe iliondolewa. Sentensi ya kwanza sasa inasema mahali hapa palikuwa nyika tupu, hapana mtu, ila mbuzi wachache waliokuja kunywa maji. Safiyo hakuifungua nakala yake. Huketi na kofia ya yule mwigizaji nyuma yake na kumwuliza kila anayepita kama Teresia ameshahama.

Teresia alihama. Alipata chumba kimoja katika mtaa wa Bulla Pesa, katika ploti yenye familia tisa na choo kimoja. Nyumba ya mabati ilibomolewa kwa asubuhi moja, na ukuta wa dobi ukaongezewa mwingine. Siku ya kwanza ya mwezi wa nne, saa tisa hivi, mbuzi walianza kutoka kwenye ukuta wa chumba chake kipya. Jirani aliyekuwa akiosha vyombo alisogeza beseni lake ili wapite.

Alichukua fimbo akawatangulia. Walikwenda pamoja kando ya barabara kuu, malori ya Marsabit yakipunguza mwendo, hadi kwenye lango la Hoteli ya Chemchemi. Askari alikuwa mgeni kazini, kijana mpole. Aliwafungulia mbuzi, wakaingia mbio. Teresia mwenyewe alizuiwa kwa mkono, akapewa kitabu cha wageni na kalamu, akaombwa kitambulisho, kwa kuwa ndio utaratibu. Teresia aliandika jina lake. Palipoulizwa anatoka wapi aliandika Bulla Pesa. Palipoulizwa amekuja kwa sababu gani alifikiri kidogo, akaandika maji.

Askari alisoma, akaona kila kitu kimejazwa sawasawa, akamkabidhi kadi nyekundu yenye kamba. Ilikuwa imeandikwa MGENI. Aliivaa shingoni, akaingia kuwatazama mbuzi wake.